Kutoka Igunga hadi Chini ya Mlima Hanang: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mlima Hanang, wenye kimo kinachozidi mita 3,400, hupandwa aghalabu kuanzia kijiji cha Jorodom, jirani na mji wa Katesh mkoani Manyara. Kwa mkazi wa Igunga, safari ya kufika hapo ina vipande vitatu, na kila kipande ni mapatano ya peke yake.

Kipande cha kwanza ni barabara kuu: kuvuka mbuga ya Wembere, kupita Shelui na kupanda mlima wa Sekenke hadi Singida. Cha pili ni Singida hadi Katesh, katika barabara iendayo Babati. Dai tiketi yenye jina lako, namba ya basi, tarehe, nauli na kituo cha mwisho. Ikiwa imeandikwa Katesh nawe ukashushwa Singida, tiketi hiyo ndiyo ushahidi wako. Usiikabidhi kwa mtu yeyote kabla hujaipiga picha.

Kipande cha tatu, Katesh hadi Jorodom, ni kifupi, lakini ndicho chenye migogoro. Hapa usafiri ni bodaboda au miguu, wala hakuna tiketi. Wapagazi wa misafara ya kale ya Tabora walipatana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo. Nawe patana nauli kabla ya kupanda, vaa kofia ngumu, na usilipe nauli ya kurudi kabla ya kurudishwa.

Mlima umo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ada hulipwa kwa Wakala, kwa stakabadhi, si kwa mtu akupokeaye stendi. Beba maji ya kutosha, kwani huko juu hayapatikani.

Mvua isipuuzwe. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka mlimani yaliangukia Katesh na kuua watu wengi. Mvua ikishika, ahirisha safari: nauli iliyopotea hupatikana tena, uhai haupatikani.

Ukidhulumiwa katika basi, mwandikie kwanza mmiliki. Usiporidhika na jibu, peleka malalamiko pamoja na tiketi yako katika ofisi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ya mkoa.