Moolaadé: Mila zinapopingana

WASICHANA wanne wanatoroka kisu cha ngariba na kukimbilia kwa Collé Ardo, mke wa pili wa mzee Ciré. Mwanamke huyo hana budi kuchagua: awarejeshe, au akabiliane na kijiji kizima.

Huo ndio mgogoro wa filamu Moolaadé, iliyoelekezwa na marehemu Ousmane Sembène wa Senegal. Filamu hiyo ilitengenezewa Burkina Faso na kutuzwa katika tamasha la Cannes mwaka 2004.

Collé hakimbilii polisi wala mahakama. Anafunga kamba ya rangi mlangoni na kutangaza moolaadé, yaani hifadhi ya wanyonge iliyoheshimiwa tangu enzi za mababu. Anayeivunja hupatwa na laana, na aliyeitangaza ndiye pekee anayeweza kuitangua kwa kinywa chake.

Hapa ndipo ulipo uzito wa kisa. Wazee wanaotetea ukeketaji kwa jina la mila wanazuiwa na mila nyingine wanayoiogopa. Kwa kuwa hawathubutu kuivuka kamba, wanamshinikiza Ciré amcharaze mkewe viboko hadharani ili atamke neno la kuwatoa watoto. Collé anavumilia, hatamki.

Uamuzi wake una chanzo. Yeye mwenyewe alikeketwa, akazika watoto wawili, na bintiye Amsatou alizaliwa kwa upasuaji. Alikataa Amsatou akeketwe, ingawa kijijini msichana wa aina hiyo huonekana najisi, asiyefaa kuolewa.

Sembène hagawanyi jamii kati ya wanaume waovu na wanawake wema. Ngariba ni wanawake. Mama mmoja anamtoa bintiye katika hifadhi ili apashwe tohara, na mtoto huyo anafariki. Kwa upande mwingine, mchuuzi anayempokonya Ciré kiboko analipia kitendo hicho kwa uhai wake.

Kifo cha mtoto ndicho kinachowaunganisha wanawake. Wanawanyang'anya ngariba visu na kuvitupa motoni.

Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, lakini bado kuna jamii ambako wasichana hukeketwa kwa siri. Filamu hii inakumbusha kwamba sheria huhitaji pia jirani aliye tayari kumfungulia mlango msichana anayetoroka, hata akitengwa na wenzake.