Daktari wa meno hujifunzaje kuchimba jino bila kumuumiza mtu?

Ukikaa kwenye kile kiti, swali huja lenyewe: huyu alijifunzia kwa nani?

Kwa miaka mingi jibu limekuwa kichwa bandia chenye meno ya plastiki. Lakini kule Amsterdam, Uholanzi, chuo cha meno cha ACTA kilishirikiana na kampuni ya Moog, ambayo hutengeneza pia mitambo ya simuleta za ndege, kuunda simuleta ya meno iitwayo Simodont.

Inafanyaje kazi?

Mwanafunzi anavaa miwani ya 3D, anaona jino kwenye skrini na kushika drili. Mota zinasukuma mkono wake: akigusa enameli anakutana na ugumu, akifika palipooza drili inazama kirahisi. Kompyuta inarekodi kama amekata na sehemu nzima. Akiharibu, anapewa jino jipya.

Kwa nini ni muhimu?

Kwa sababu wewe hupewi jingine. Enameli ikishakatwa haioti tena, na milimita chache tu zaidi, drili iko kwenye neva.

Ila mashine haina mate, ulimi unaocheza wala hofu. Hayo mwanafunzi atayajua kwa mgonjwa halisi, mwalimu akiwa pembeni.