Kwa Nini Samaki wa Kiambere Waandikwe Daftarini

Watu wengi wa Kitui hulijua Bwawa la Kiambere kwa sababu ya umeme. Lakini bwawa hilo, lililomalizika mwaka 1988 katika Mto Tana, mpakani mwa Kitui na Embu, ni shamba la samaki pia: perege na kambare huvuliwa humo na kuuzwa. Mwenye mbuzi huwahesabu jioni warudipo zizini. Mvuvi hawezi kuwahesabu samaki walio chini ya maji. Njia iliyopo ni kuwaandika wale wanaovuliwa, na kazi hiyo yataka mtu aliyefundishwa.

Jambo la kwanza kufundishwa ni kwamba uzito peke yake hautoshi. Tuseme mwaka mmoja mashua 20 zaleta kilo 200 kwa siku, na mwaka wa pili mashua 40 zaleta kilo 240. Asiyejua atafurahi kwa kuwa kilo zimeongezeka. Ajuaye atagawanya, naye ataona ya kuwa kila mashua ilipata kilo 10, na sasa yapata 6 tu. Hiyo ni dalili ya samaki kupungua, na yafaa ionekane kabla njaa haijaingia nyumbani mwa mvuvi.

Kwa hiyo daftari lionyeshe tarehe, mwalo, idadi ya mashua zilizotoka, idadi ya nyavu na ukubwa wa matundu yake, saa zilizokaa majini, na uzito wa kila aina ya samaki mbali mbali. Mashua zikiwa nyingi, si lazima kupima zote; chache huchaguliwa kwa kura. Mwandishi asizipime zile zilizojaa tu. Mashua iliyorudi tupu huandikwa sifuri, maana hiyo nayo ni habari. Na siku asiyofika mwaloni aache nafasi wazi, asibuni hesabu.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Nyavu za kigeni za kunasia samaki ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akaona ya kuwa kila wavu ulipata ngege wachache kuliko zamani. Alishauri nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zikatazwe. Sheria iliwekwa, lakini nyavu za matundu madogo ziliendelea kutumiwa, na hatimaye sheria yenyewe ikaondolewa. Ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa hilo, sasa ni nadra humo. Ziko sababu nyingine pia, kama sangara aliyeletwa baadaye. Lakini hesabu za nyavu zilikwisha kutoa onyo mapema.

Katika nchi ya Ukambani liko la kuangaliwa zaidi, nalo ni ukame. Mwaka 2009 maji ya Masinga, bwawa lililo juu ya Kiambere, yalipungua hata mitambo yake ya umeme ikasimamishwa. Maji yakishuka, samaki hubanana mahali padogo na nyavu hujaa upesi. Daftari lisiloonyesha kimo cha maji laweza kumfanya mtu adhani samaki wameongezeka, kumbe wanamalizwa.

Watu wa Makueni nao wahusika, kwa ajili ya Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mahali Mto Thwake unapokutana na Mto Athi. Kwa kawaida bwawa jipya hutoa samaki wengi miaka ya kwanza, kwa kuwa majani na udongo uliofunikwa hurutubisha maji; kisha hupungua. Pasipo daftari la tangu mwanzo, hakuna atakayejua upungufu huo ni wa kawaida au ni wa uvuvi uliozidi.

Wavuvi wengine huficha samaki wao wakidhani mwandishi ni mtoza kodi. Basi yafaa mwenye kupima asiwe yule atoaye leseni wala akamataye nyavu, na hesabu za kila mwezi zisomwe hadharani mwaloni. Tangu mwaka 2007 sheria za Kenya zimewapa wavuvi vikundi vya kusimamia mialo yao. Kikundi chenye daftari la kweli chaweza kuamua lini nyavu zipumzishwe. Kisicho nalo kitabishana hata samaki waishe.