Taa ya Fundi wa Nyumbani



Mabanda mengi ya gari majumbani mwetu hayaingii gari. Mwenye nyumba huweka humo meza ya mbao, jiliwa, randa na misumeno, na akishamaliza kazi za mchana huingia kutengeneza kitanda cha mtoto au kupachika upya mlango uliolegea. Nami ninalo banda kama hilo uani, nyumbani kwetu Uroa, lenye paa la bati, upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Nilipolitia umeme nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilitundika globu moja ya wati 60 katikati ya boriti, nikaona mambo yamekwisha.

Usiku mmoja nilikuwa nikikata ubao wa mwembe. Meza iko ukutani, globu iko nyuma yangu, na kivuli changu mwenyewe kimelala juu ya mstari wa penseli. Msumeno ukaacha mstari, ukaingia kidoleni. Namshukuru Mungu kwamba ulikuwa msumeno wa mkono. Kovu limebaki, lakini na kidole kipo.

Basi swali la kwanza la mwenye kupanga taa si "nitie taa ngapi?" bali ni "mikono yangu itakuwa wapi?" Taa moja ya katikati humfaa mtu anayekaa barazani kuzungumza. Fundi husimama akielekea ukuta, kwa hiyo taa hiyo humpiga mgongoni. Taa yake itundikwe juu ya meza yenyewe, isiwe nyuma ya bega. Tena taa ziwe zaidi ya moja, ili kivuli cha hii kifutwe na mwanga wa ile.

Swali la pili ni kiasi. Wati hutueleza umeme unaoliwa; mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na siku hizi kipimo hicho huandikwa kwenye boksi la taa. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka lumeni 300 zifike kwenye kila mita moja ya mraba mezani kwa seremala, na 500 penye mashine za mbao. Banda langu ni mita 18 za mraba. Mara 300, tunapata 5,400. Lakini mwanga mwingi hupotea kwenye kuta na vumbi, hivyo ni busara kuzidisha mara mbili, tukafika kama 10,800. Globu yangu ya wati 60 ilikuwa ikitoa lumeni 700 hivi. Tyubu ya LED ya futi nne, yenye wati 18, hutoa yapata 1,800. Tyubu sita zinatosha, safu mbili za tatu tatu kwa urefu wa banda, na zote pamoja hazili zaidi ya wati 108. Kuta zikipakwa chokaa, mwanga huongezeka bila ya kulipia umeme zaidi.

Sasa tuje kwenye hatari ambayo wengi hawaijui. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu za zamani za choki hufifia na kuwaka mara 100 katika kila sekunde. Jicho halioni. Lakini msumeno wa duara au mashine ya kukereza ikizunguka kwa mwendo unaolingana na kufifia huko, huonekana kama imesimama, au inazunguka polepole, na mtu akapeleka mkono. LED nzuri hazina tabia hiyo. Baadhi ya zile za bei rahisi wanayo. Jaribio lake ni jepesi: punga penseli upesi chini ya taa. Ukiona penseli nyingi zilizoachana, taa hiyo usiiweke karibu na mashine.

La tatu, mwambie fundi umeme atenge waya wa taa na waya wa mashine, kila mmoja na fyuzi yake. Mashine ikikwama na kukata fyuzi, usibaki gizani na meno ya msumeno bado yanazunguka mbele yako. Na umeme wenyewe pia hukatika. Umeme wa Unguja huletwa kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na tunakumbuka giza la karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Taa moja ya betri inayojiwasha umeme unapokatika ni kinga ya kutosha kwa dakika ile ya hatari.

Mwisho, sisi wa mwambao tuna upepo wa chumvi. Vyuma vya taa hushika kutu upesi, na unga wa mbao huingia kila penye upenyo. Nunua taa zenye mfuniko wa plastiki uliozibwa, na uzifute mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Kabla ya kumwita fundi, ingia bandani usiku, simama unaposimama ukifanya kazi, nyoosha mikono, uangalie kivuli chako kinaangukia wapi. Hapo ndipo panapodai taa.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.