Ulevi angani: familia ijikinge vipi?

Nilipomsindikiza mama yangu kwenda Umra, tulipanda ndege ambayo pombe hugawiwa pamoja na chakula. Abiria wa kiti cha jirani alikunywa gilasi baada ya gilasi, akaanza kupaza sauti, na mwishowe mvinyo ukammwagikia mama kwenye buibui. Mama hakugombana naye. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nitaswali na nguo hii?"

Nilimjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi pombe ni najisi, na sehemu iliyorowa huoshwa kwa maji. Mhudumu alitupatia chupa ya maji, mama akaosha, kisha tukahamishiwa viti vingine. Lakini swali lake lilinifikirisha: je, familia zetu hujiandaa kwa jambo hili?

Ulevi wa angani una hatari ya ziada. Hewa ndani ya ndege hufanana na ya mlima wenye kimo cha hadi futi 8,000, hivyo mwili hupata oksijeni pungufu. Tena mlevi hawezi kuteremshwa njiani kama katika basi. Ndiyo maana Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 ulimpa rubani mkuu mamlaka ya kuamuru abiria mkorofi afungwe, na kumkabidhi kwa vyombo vya dola ndege itakapotua. Nchini Uingereza, kulewa ndani ya ndege ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 2.

Tufanye nini? Kwanza, tukiweza, tuchague mashirika yasiyotoa pombe, kama Saudia, Kuwait Airways na Royal Brunei. Pili, tuagize chakula cha Kiislamu mapema, si siku ya safari. Tatu, mlevi akisumbua, tusibishane naye. Tumwite mhudumu na tuombe kuhamishwa, hasa tukiwa na wazee na watoto.

Nne, tujihesabu wenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaojizuia mtaani lakini wakishapaa hunyoosha mkono kupokea gilasi, kana kwamba haramu huishia uwanja wa ndege. Aya ya 90 ya Suratul Maida haikubagua ardhi na anga.

Mama aliswali akiwa ameketi kitini, buibui likiwa bado bichi. Allah azitakabalie safari zetu na azihifadhi familia zetu. Amin.