Ukumbi Haupanuki Kama Neno

Wanafunzi wangu wa Garissa hupenda kunikumbusha kwamba neno lao la Kisomali, garoon, kama uwanja wetu wa Kiswahili, hubeba mpira na ndege pia. Neno hupanuka bila gharama. Ukumbi haupanuki hivyo.

Mwaka 1996 timu ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni ilihamishwa kutoka Winnipeg, Kanada, hadi Phoenix, Marekani, ikatiwa katika ukumbi uliojengwa kwa mpira wa kikapu. Kiwanja cha kikapu kina urefu wa takriban mita 29. Cha barafu, mita 61. Ukumbi ulikarabatiwa, na bado katika viti vingi mtazamaji hakuliona goli la upande mmoja. Mwaka 2024 wachezaji wa timu hiyo walihamishiwa Salt Lake City. Huko nako wakapewa ukumbi wa kikapu, wa 1991, na ukarabati ukaanza upya!

Katika shule moja hapa Garissa nilimwona mwalimu akichora kwa majivu mistari ya netiboli pembeni mwa kiwanja cha kandanda. Wasichana walisubiri wavulana wamalize. Milingoti ya magoli imemiminiwa saruji. Ya netiboli ilikuwa imeegemezwa ukutani.