Mfupa Wenye Hesabu Kutoka Ishango

Mara nyingi twawasikia wanafunzi hapa Mususa wakinung'unika kwamba hesabu ni maarifa ya kigeni, yaliyofika kwetu pamoja na chaki na ubao. Wazee wao huwaitikia, wakisema kwamba watu wa kale walihesabu mbuzi tu, tena kwa vidole. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari ya kitu kimoja kidogo, ambacho kilitoka katika udongo wa Beni, na ambacho wataalamu wa hesabu wanakijua duniani kote, ijapokuwa wengi wetu tunaoishi karibu hatujakisikia.

Ishango ni mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward na kuanza safari yake kuelekea kaskazini. Leo pako ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba hapo, akakuta chini ya majivu ya volkano mabaki ya watu waliokuwa wavuvi: mifupa ya samaki, mawe ya kusagia, na vyusa vya mfupa vyenye meno. Katika vitu hivyo ulikuwamo mfupa mmoja mwembamba, wenye urefu wa sentimita 10 hivi na rangi ya kahawia iliyokolea. Katika ncha yake moja kilipachikwa kijipande cha kwatsi, yaani jiwe gumu linalofanana na kioo. Na ubavuni mwake ilikuwamo mikato, mingi na mifupi, iliyopangwa kwa vikundi katika safu tatu.

De Heinzelin alidhani kwamba watu hao waliishi kati ya mwaka 9000 na mwaka 6500 kabla ya Kristo. Lakini katika miaka ya 1980 Alison Brooks na wenzake walipapima upya mahali hapo, wakaona kwamba umri wake ni mkubwa zaidi, miaka 20,000 au hata kuzidi. Muda huo hakuna masimulizi ya ukoo yawezayo kuufikia. Basi asije mtu akatuambia kwamba mchongaji alikuwa babu yake.

Wenye penseli waandike sasa. Safu ya kwanza ina vikundi vya mikato 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisheni wenyewe: safu ya kwanza 60, ya pili 60, ya tatu 48.

De Heinzelin aliposhika kalamu kuieleza dunia habari hizo, mwaka 1962, alisema kwamba ule ulikuwa mchezo wa hesabu. Katika safu ya tatu aliona kuzidisha kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5. Katika safu ya pili aliona 10 na 20, zikiongezwa moja au kupunguzwa moja. Mmarekani Alexander Marshack aliutazama mfupa kwa darubini, akafikiri kwamba ni kalenda ya mwezi. Kwani 60 ni karibu miezi miwili, na 48 ni karibu mwezi mmoja na nusu. Naye Claudia Zaslavsky, aliyeandika mwaka 1973 kitabu juu ya hesabu za Afrika, aliuliza swali ambalo wanaume hawakulifikiria: ni nani mwenye haja ya kuhesabu siku za mwezi kuliko mwanamke? Wako pia wasemao kwamba mikato ile ilikatwa ili mkono usiteleze, basi.

Lakini safu ya kwanza ndiyo iliyoleta maneno mengi. Ili tuifahamu, tulichukua darasani punje za mahindi. Tukawaambia watoto wazipange punje 12 katika mistari iliyo sawa. Mara moja wakapata mistari 2 ya punje 6, wengine mistari 3 ya punje 4. Kisha tukawapa punje 13. Walijaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa nne. Kila mara punje zilibaki au zilipungua. Mmoja alishuku kwamba tumemwibia punje, akazihesabu tena. Zilikuwa 13 kamili. Namba ya namna hiyo, isiyokubali kupangwa ila katika mstari mmoja mrefu, huitwa namba tasa. Jina si la huruma, lakini linaeleza vizuri: haizai mistari. Kati ya 10 na 20 namba tasa ni nne tu, nazo ni 11, 13, 17 na 19. Ndizo hizo hizo zilizokatwa kwenye mfupa wa Ishango!

Darasa lilipiga makofi. Ndipo tulipowaharibia furaha, na hatujui kama wamekwisha kutusamehe. Tuliwaambia watazame safu ya pili. Humo pia zimo 11 na 19, lakini zinakaa pamoja na 9, ambayo ni mara tatu tatu, na 21, ambayo ni mara tatu saba. Mtu aliyezitenga namba tasa kwa kusudi, mbona hakuzitenga hapa? Tena, ili mtu aijue namba tasa hana budi kujua kwanza kugawanya, na juu ya mfupa hakuna alama ya kugawanya. Kijana mmoja akasimama, akasema, “Mwalimu, tulikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nawe unatunyang'anya.” Neno hilo lilituchoma. Sisi nasi twapenda kusikia kwamba elimu ilichipuka kando ya Semliki. Lakini tulimjibu kwamba mfupa umetupa cha kutosha: mtu aliyekaa pwani ya ziwa letu alitenga wingi na wingi, akauweka katika safu, akataka ukumbukwe baada ya yeye kuondoka hapo. Anayeongeza juu ya hayo neno lisilothibitishwa atakuja kuaibishwa na mtu mwenye kuhesabu vizuri kuliko yeye.

Wakauliza basi namba tasa zina faida gani. Tuliandika ubaoni 17 mara 19, wakapata 323 kwa dakika moja. Kisha tukafuta, tukawaita watoto wa darasa la pili yake, tukawapa 323 peke yake watafute ni namba gani mbili zilizoizaa. Wakajaribu 3, 7, 11, 13. Kengele ikalia kabla hawajafika. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kugumu. Mwaka 1977 wataalamu watatu waliofanya kazi Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, waliitumia tofauti hiyo kutengeneza kufuli ya siri: kila mtu aweza kuifunga, lakini kuifungua aweza yule tu azijuaye namba tasa mbili zilizozidishwa. Kufuli hiyo imelinda barua na fedha nyingi zipitazo katika intaneti. Mwaka 2020 watafiti waliigawanya namba moja ya tarakimu 250. Walitumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Kiini kimoja cha kompyuta kingehitaji miaka kama 2,700. Nazo kufuli zinazotumika huwa na namba za tarakimu 617.

Hata hivyo fizikia imekwisha kubisha hodi. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta itakayojengwa kwa kufuata mwenendo wa chembe ndogo kabisa za maumbile ingeweza kuvunja kufuli hiyo upesi. Mashine yenye nguvu ya kutosha haijapatikana, lakini mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya vipimo ya Marekani ilitangaza kanuni za kufuli mpya, zisizotegemea ugumu wa kugawanya namba. Mwenye busara haezeki nyumba mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika jumba la elimu ya viumbe. Kufika huko hatuwezi. Na hata Ishango, katika miaka hii ya vita na mauaji katika eneo la Beni, si njia ya matembezi ya shule. Kwa hiyo yule kijana aliyetulaumu alichonga mfano wake kwa mti, kwa kisu cha jikoni cha mama yake. Mikato yote ni 168. Alimaliza safu ya kwanza salama. Katika safu ya pili, kwenye kikundi cha tatu, mawazo yalimtoka akakata mara 20, na mkato ukishakatwa haufutiki. Ameanza mti mwingine.